Upande wa Kulia

Mtaa wa vyombo vya umeme hauna adabu. Kila duka limetoa spika zake nje, kila spika inaimba wimbo wake, na mpita njia hutoka upande wa pili kichwa kikimvuma kama mzinga wa nyuki. Asubuhi hiyo, saa nne, jua limeshaanza kuuma, mwanamke mmoja alikuwa amesimama mbele ya duka la pembeni akitazama sabufa yenye taa za rangi. Alivaa gauni la kijani lenye vifungo tangu shingoni hadi magotini na viatu vya kamba, na mkoba wake wa ngozi aliubana kwapani kama mtu asiyemwamini yeyote mtaani pale. Muuzaji alikuwa amemshika barabara. Si kwa mkono, kwa mdomo.

"Dada yangu, hii ni mashine. Ukiiwasha, jirani anahama."

"Sitaki jirani ahame. Ndiye anayenitunzia ufunguo."

"Basi unapunguza sauti, anarudi."

Mwanamke akacheka. Na mteja akishacheka, nusu ya bei ameshalipa. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kutafuta zipu ya mkoba.

"Usinunue hiyo," mtu akasema nyuma yake.

Alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, shati lake jeupe limetoboka vitundu vya moto kifuani, mkononi ameshika bunda la waya wa lehemu alilotoka kununua.

"Kwa nini nisinunue?"

"Ndani mna hewa. Boksi, spika ya ukubwa wa kiganja, na taa. Unanunua taa, dada."

Muuzaji akapiga meza kofi. "Fundi Tupa! Wewe huna kwako? Kila siku lazima upitie kwangu uniharibie?"

Jina hilo alipewa na mtaa mzima. Mtu akimletea redio, aliifungua, akaitazama, na kama imekwisha alisema neno moja: tupa. Hakubembeleza, hakuzunguka. Bibi mmoja aliwahi kulia mbele ya redio yake, naye akampa kitambaa cha kufutia machozi, kisha akasema tupa. Kwa hiyo wateja wake walikuwa wachache, lakini hao wachache wangemwachia hata funguo za nyumba.

"Ninayo ya zamani nyumbani," mwanamke alisema walipojitenga na kelele. "Aliniachia baba. Amplifaya na spika mbili za mbao. Sasa upande wa kulia umefifia. Nikasema labda imeshakula chumvi yake, ninunue mpya."

"Za mbao kweli au zimebandikwa karatasi?"

"Mbao. Ukigonga zinajibu."

Macho ya fundi yakawaka. "Hizo usimpe mtu. Nitakuja nizitazame. Kama inafaa kuboreshwa nitakwambia, kama haifai nitakwambia vilevile."

"Utaniambia nitupe?"

"Kama ni ya kutupa."

"Na mimi je, ukiniona nimechakaa?"

Fundi akamtazama tangu vifungo vya juu hadi kamba za viatu, taratibu, kama mtu anayekagua kifaa. "Wewe hata kwenye boksi lako hujatolewa."

Mwanamke alimpa namba ya simu akicheka, na alikuwa bado anacheka alipofika kituoni.

*

Jumamosi alasiri fundi alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu na mkoba wake wa bisibisi. Palikuwa na vyumba viwili, safi, mapazia meupe, meza ya kuchapia chini ya kalenda. Spika zilisimama kila upande wa dirisha, ndefu kama watoto wa miaka kumi, na katikati, hatua nne nyuma, kilikuwapo kiti kimoja chenye mikono, kilichobonyea. Mwenyeji alikuwa amevaa dera la maua na amefunga kitambaa kichwani, na alinukia sabuni.

"Hapo ndipo alipokaa baba," alisema. "Alisema muziki una kiti chake. Ukikaa pembeni unasikiliza ukuta."

"Mzee alijua. Kaa, fumba macho. Nitakuuliza, unijibu bila kufikiri."

Aliweka sahani ya santuri. Mwimbaji mmoja, gita moja.

"Nguvu iko wapi?"

"Kushoto."

Fundi akaenda nyuma ya amplifaya, akabadilishana waya: wa kushoto akauweka kulia, wa kulia kushoto. Ndivyo mafundi wanavyofanya. Kama ubovu uko kwenye mashine, unahama pamoja na waya.

"Sasa?"

"Kushoto bado."

Basi ni spika. Akazikumbatia moja moja, akazihamisha, hii hapa, ile pale, jasho likimtiririka.

"Sasa?"

"Kushoto. Huyu wa kulia ni kama anaimba akiwa jikoni."

"Hebu inuka kidogo nikae mimi."

Fundi akakaa, akafumba macho. Mwimbaji alikuwa katikati kabisa, baina ya spika mbili, kama mtu aliyevuta kigoda akaketi mbele yake. Hapakuwa na ubovu wowote. Mashine ilikuwa nzima, waya ulikuwa mzima, spika zilikuwa nzima.

Alifumbua macho taratibu. Mwanamke alikuwa amesimama mbele yake, mikono kiunoni, akingoja.

"Umepata?"

"Imeanza lini?"

"Kama mwezi. Na si hii tu. Mimi ni mchapaji wa mahakama, nasikiliza kanda za kesi kutwa nzima, basi hata hedifoni za ofisini zimekufa upande huohuo. Wamenibadilishia mara mbili. Vitu vya siku hizi!"

Fundi alifungua mdomo aseme. Lilikuwa jambo la maneno mawili: nenda kapimwe. Lakini mwanamke alikuwa ameshageuka, akipangusa vumbi juu ya spika kwa ncha ya kitambaa.

"Unajua, mama yangu masikio yaliziba akiwa kijana. Alikuwa na miaka thelathini na tisa tu. Mwanzo tulikuwa tunamwandikia. Baadaye tukachoka. Tukawa tunamsema mbele yake kana kwamba ni kabati. 'Huyu amekula?' 'Huyu amelala?' Mimi pia nilikuwa nasema hivyo. Baba peke yake alikuwa anafungulia muziki, anamshika mkono anauweka hapa juu ya mbao, asikie kwa vidole." Akafuta tena vumbi. "Kuna watu wanaogopa nyoka. Mimi naogopa hilo. Likinifika, bora wanifukie. Haya, fundi, niambie. Inafaa au nitupe?"

Naye fundi, aliyemwambia bibi mwenye machozi atupe redio yake, aliangalia yale macho, akaangalia dera la maua, akawaza kwamba akilisema lile jambo sasa hivi, atakuwa yeye ndiye aliyelileta humu ndani, na hataalikwa tena kupanda zile ngazi.

"Inafaa," alisema. "Upande wa kulia umechoka kidogo. Nitauboresha."

Aliondoka na amplifaya kifuani. Siku mbili ilikaa juu ya meza yake karakanani bila kuguswa. Siku ya tatu alichukua kipande kidogo cha kupunguza nguvu, kile mafundi wanachokiita rezista, si kikubwa kuliko punje ya mchele, akakilehemu ndani upande wa kushoto. Hakuongeza kulia chochote. Alipunguza kushoto tu, hadi mizani ikae sawa kwa mtu mmoja duniani.

Aliporudisha, mchapaji aliketi kitini, akafumba macho, na machozi yakamtoka.

"Amerudi katikati," alisema. "Fundi, mikono yako ibusiwe."

"Anza basi," fundi akatania, na akajiona mwizi papo hapo.

*

Walipendana. Hilo halikuwa na ubishi tangu siku ya sabufa. Simu zilianza kabla ya chai ya asubuhi.

"Umeamka, mchapaji wangu?"

"Nimeamka, kero yangu. Umeshamwambia nani atupe nini leo?"

"Bado. Nakungoja wewe unipe ruhusa."

"Leo wahurumie. Sema 'pumzisha'."

Jumamosi walisikiliza sahani, yeye kitini, fundi sakafuni amejiegemeza kwenye magoti yake. Mchapaji alimchapia vibandiko vya bei vya karakana kwa herufi nzuri. Fundi akamtengenezea pasi, feni, hata kengele ya mlango ya yule jirani mwenye ufunguo. Wiki ya kwanza alijiambia atasema wiki ya pili. Wiki ya pili ilikuwa na siku ya kuzaliwa ya mchapaji, huwezi kumwambia mtu jambo kama lile siku ya kuzaliwa. Wiki ya tatu alikuwa na mafua, fundi akafurahi kama mjinga: huenda yalikuwa mafua tu, yatapona. Kisha ukawa mwezi, na jambo ambalo hukulisema kwa mwezi mzima lina uzito mwingine. Halibebeki tena kwa mkono mmoja.

Dada mkubwa wa mchapaji alikuja kutembea, mwanamke mnene, mchangamfu, muuza vitambaa, asiyejua kunong'ona.

"Ndiye huyu shemeji? Mbona mwembamba hivi, unampa chakula au unampa muziki?" Akaketi katika kiti chenye mikono bila kuuliza. Baada ya dakika moja akakunja uso. "Huu muziki wenu umeinama."

"Umeinamaje?"

"Upande huu unanipigia kelele," akaonyesha kulia, "na ule pale umenuna."

Mchapaji akacheka. "Dada, wewe unajua vitambaa. Huyu amepima kwa vifaa. Mwambie, mpenzi."

Wote wawili wakamtazama. Fundi alikuwa ameshika kikombe cha chai.

"Inategemea na mtu alivyokaa," alisema.

"Nimekaa kwa makalio, shemeji, kama watu wote."

Wakacheka wote watatu. Fundi alicheka kuliko wote, na chai ikampitia puani. Alipoosha uso bafuni hakujitazama kiooni.

Mwezi wa tatu mchapaji alilalamika tena. "Kulia kumerudi kulekule. Sasa niseme ukweli, labda ni spika zenyewe. Kuna zile mpya nimeziona, na pesa za likizo ninazo, naweza kukaa nyumbani nisisafiri. Wewe unasemaje? Inafaa kuboresha, au nitakuwa nabadilisha kwa kubadilisha tu?"

Hiyo ilikuwa nafasi yake. Ililetwa mezani kwenye sahani. Angesema haifai, angeulizwa kwa nini, na kwa nini ingejibiwa na jambo lenyewe.

"Inafaa," alisema.

Spika mpya zikaja, nyeusi, zinang'aa, na zile za mbao zikageuzwa meza za maua. Fundi akabeba tena amplifaya karakanani, akatoa punje ya kwanza, akaweka kubwa zaidi. Mawazo yalimpotea hata akajichoma kidole. Maana alijua anachokipima. Hakuna daktari aliyemfahamu mgonjwa wake vile: alijua kwa hesabu kamili ni kiasi gani cha sikio lile kilikuwa kimeondoka tangu mara ya kwanza.

Mwezi wa tano mchapaji alirudi kutoka kazini na barua. Katika kurasa za kesi, mahali ambapo maneno ya shahidi hayakusikika, mchapaji huandika neno moja katika mabano: haisikiki. Katika kanda za mahakama ile hakimu aliwekwa kushoto na shahidi kulia. Ukurasa mmoja wa ushahidi ulikuwa na haisikiki kumi na nne.

"Wananiuliza kama ninasinzia kazini," alisema, akijaribu kucheka. "Mimi! Hakimu amesikiliza kanda ileile, anasema shahidi anasikika kama kengele. Nimemwambia ni hedifoni."

Alasiri hiyo, fundi alisimama chini ya ngazi za jengo lile akapiga simu kliniki ya masikio. Muuguzi alikuwa na sauti kali ya mtu mwenye kazi nyingi. Alimuuliza maswali matatu, kisha akasema: "Mlete." Fundi akasema atamleta wiki ijayo. Wiki iliyofuata akasema wiki ijayo.

*

Jumapili moja saa saba mchana, chakula kikiwa mezani, fundi alikwenda kunawa mikono akaacha simu yake kando ya sahani. Ikalia. Mchapaji alitazama jina lililoandikwa, Muuguzi, akafikiri ni mteja. Akapokea kwa sikio la kushoto, kama alivyozoea.

"Wewe bwana, utamleta lini?" sauti ya kike ikafoka. "Tangu mwezi jana unaniahidi! Mambo haya hayangoji. Kila wiki unayochelewa, yeye ndiye anayeumia."

"Nani huyu?" mchapaji akauliza.

"Kwani wewe ni nani?"

Mchapaji akakata simu. Fundi alipotoka, mikono ikichuruzika maji, alimkuta amesimama, ameegemea meza.

"Ina miezi mingapi?"

"Nini?"

"Mimba. Ya huyo unayempeleka kliniki."

"Mimba gani, mpenzi?"

"Usiniite mpenzi. Muuguzi amepiga. Anasema utamleta lini. Ni nani? Ni yule wa duka la betri? Yule anayekuita 'kaka fundi' huku anajipindapinda?"

"Hakuna mimba."

"Basi ni nani?"

Maji yalidondoka sakafuni. Fundi alisema: "Ni wewe."

"Mimi sina mimba."

"Ni sikio lako. La kulia. Si hedifoni, si spika. Ni sikio."

Mchapaji alimtazama kama mtu aliyeambiwa habari kwa lugha nyingine na anangoja itafsiriwe. Kisha mkono wake ukapanda wenyewe hadi sikioni, ukalifunika. Akaugeuza uso dirishani, akafunika la pili. Akafunua. Akafunika. Fundi alimwona akifahamu, na angetoa mkono wake wa kazi asiione sura ile.

"Umejua tangu lini?"

Hapo ndipo mtu angetegemea aseme yote. Ameshavuka mto, limebaki tope la ukingoni. Lakini mdomo wake ulichukua tarehe iliyokuwa imeshatajwa na mtu mwingine, tarehe nyepesi.

"Tangu mwezi jana."

"Mwezi mzima! Umekula hapa, umelala hapa, unanitazama!" Sauti yake ilipanda kisha ikavunjika. "Afadhali ungekuwa na mwanamke. Mwanamke ningempiga vibao viwili, nikakupiga na wewe, yakaisha. Watu wazima wanalia mbele yako na redio zao unawaambia. Mimi nilikukosea nini hata nisiambiwe?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Sikio ni lako?"

"Ulisema bora wakufukie."

"Kwa hiyo ukaanza kunifukia!" Akachukua simu ya fundi, akaiweka mkononi mwake kwa nguvu. "Unazungumza habari zangu na watu nisiowajua, mimi nimekaa hapa nakupakulia. Umeshanifanya kabati. Toka."

*

Zikapita wiki tano. Karakanani, fundi aliacha kusema tupa. Watu walileta takataka, naye akawaambia ziache, nitajaribu, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, nao wakaenda zao wakiwa na wasiwasi kuliko zamani. Kila alipowasha pasi ya lehemu harufu ya moshi ilimkumbusha kile alichokifanya, na pasi aliiwasha mara thelathini kwa siku.

Alipata habari kutoka kwa dada mkubwa, aliyempigia simu akiwa sokoni, akipiga kelele kuliko wenye biashara wote.

"Shemeji! Sijui kama bado ni shemeji, nakuita hivyo hadi niambiwe vingine. Tumekwenda kliniki. La kulia limekwisha, halirudi. La kushoto ni zima, watalilinda, na la kulia wanampa kifaa."

"Anasemaje?"

"Analia, anakula, anakutukana, anakula tena. Wiki hii amekutukana kidogo. Mimi ningekuwa wewe ningenyoa ndevu."

Jumatano mchapaji akapiga mwenyewe.

"Hii mashine," alisema bila salamu. "Nataka kujua niiuze au niendelee nayo. Kesho saa tisa. Njoo kama fundi."

Alinyoa. Alivaa shati lisilo na vitundu. Mchapaji alifungua mlango amevaa lile gauni la kijani, vifungo vyote vimefungwa, wanja machoni, na fundi akajua hakuitwa kama fundi. Chai ilikuwa mezani, vikombe viwili.

"Kaa," mchapaji akasema. "Niseme kwanza mimi, nisije nikasahau, nimejifunza tangu juzi. Nilikasirika, na nilikuwa na haki. Lakini nimemuuliza daktari. Nilimuuliza hivi: kama mtu angejua mwezi mmoja kabla, akanyamaza, ndiye aliyeniharibia? Akasema hapana. Mwezi mmoja haubadilishi kitu. Anasema ugonjwa huu wakiuwahi mwanzoni kabisa, dawa inauzuia, lakini mimi nilikuwa na nusu mwaka tayari. Kwa hiyo kosa si lako. Ni langu, niliyekuwa nalaumu hedifoni." Akavuta pumzi. "Mwezi mmoja ninaweza kuusamehe. Nimeshausamehe. Nimekukumbuka mpaka najichukia. Dada anasema tuache upuuzi tukae pamoja, na mimi nasema hivyohivyo. Unanitaka au hunitaki?"

Kila alichokitamani fundi kilikuwa pale mezani, kinafuka moshi kama chai. Hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyejua. Daktari hakujua, dada hakujua, hata muuguzi hakujua. Angesema nakutaka, na ingekuwa kweli, angekunywa chai yake na kuzeeka ndani ya nyumba hii. Na kila siku ya kuzeeka kwake angemsikia akijilaumu kwa ajili ya hedifoni.

Alisimama. Akatoa bisibisi na koleo ndogo mfukoni, akazima umeme, akageuza amplifaya, akafungua skrubu nne za mgongoni. Mchapaji akamtazama bila kuelewa. Fundi aliingiza koleo, akakata, akarudi, akaweka kitu juu ya kitambaa cha meza, karibu na kikombe chake. Kilikuwa kidogo, kina mistari ya rangi.

"Hicho nini?"

"Kinapunguza sauti upande wa kushoto. Nilikiweka baada ya zile spika mpya. Kabla ya hicho kilikuwapo kingine, kidogo zaidi. Niliweka wiki ileile niliyokuja mara ya kwanza."

"Mara ya kwanza lini?"

"Jumamosi ile. Nilipobadilisha waya, kisha nikahamisha spika, wewe ukasema kushoto bado. Nilijua hapohapo. Kabla hujaniambia habari za mama. Haukuwa mwezi mmoja, kama nilivyosema. Nimejua siku zote."

Nje gari lilipiga honi, likapita. Mchapaji alikiokota kile kipande kwa kucha mbili, akakiweka kiganjani, akakisogeza kwa kidole.

"Spika mpya," alisema polepole. "Nilikuuliza zinafaa."

"Hazikufaa."

"Dada alisema muziki umeinama."

"Aliona sawa."

"Nilimcheka." Aliendelea kukitazama. "Daktari alisema mwanzoni kabisa. Ndivyo alivyosema. Mwanzoni kabisa."

"Ndiyo."

"Usingeniambia, nisingejua maisha yangu yote."

"Usingejua."

"Nenda," alisema. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Fundi aliteremka ngazi tatu za ghorofa bila kushika chuma cha kando, na mguu wake ulikosa kipandio mara mbili.

*

Siku nane simu haikulia. Siku ya tisa ulikuja ujumbe, umechapwa vizuri, nukta na mkato mahali pake: "Alhamisi, saa tatu asubuhi, kliniki. Wananiwekea kifaa. Dada yuko safarini. Usichelewe." Fundi aliusoma mara nyingi akitafuta neno jingine ndani yake. Halikuwamo.

Alifika saa mbili. Ukumbi ulikuwa mrefu, viti vya plastiki vimeunganishwa kwa chuma, ukutani picha ya sikio kubwa limepasuliwa kuonyesha njia zake. Mchapaji alikuja amevaa blauzi nyeupe na sketi nyeusi za kazini, uso umekauka. Akamwitikia salamu kwa kichwa, akakaa. Kiti cha kushoto kwake kilikuwa na mzee aliyelala. Fundi akakaa kulia.

Waliitwa watu watatu. Kisha fundi, macho yake yakiwa kwenye vidole vyake, alianza kusema kwa sauti ya chini, ile ya mtu anayezungumza na mashine anapoitengeneza. Alisema kwamba alimnyang'anya sikio ili apate kukaa miguuni pake Jumamosi. Alisema kwamba hakuna kifaa atakachokitengeneza kitakachorudisha hata uzi mmoja wa gita lile. Alisema kwamba anampenda, na kwamba hilo halimpunguzii kosa, linamwongezea. Aliyasema yote kwa urahisi kwa sababu alijua hayafiki.

Mchapaji alimtazama pembeni. Aliona midomo inacheza. Maneno hakuyapata, ulikuwa mvumo tu, kama mtu aliyeko chumba cha pili. Alimwacha aendelee kidogo. Kisha akainuka, akazunguka, akamgusa yule mzee begani.

"Samahani baba, naomba tubadilishane kiti, wewe ukae pale nilipokuwa mimi. Na wewe," akamwambia fundi, "njoo hapa."

Mzee akahama akiguna. Fundi akahamia upande wa kushoto. Mchapaji akaweka mkoba mapajani, akanyoosha sketi, akamwelekezea sikio lake zima. Mkono hakumpa.

"Ulikuwa unasema," alisema. "Rudia, tangu mwanzo. Na useme kwa sauti."

Watu wawili waliokuwa mbele yao waligeuka kutazama. Fundi akainua uso, akaanza.